Dola 500 za Don Black: uhuru wa raia na siasa kali katika kampeni ya Ron Paul

Mwishoni mwa mwaka 2007, watu waliokuwa wakipekua orodha za wachangiaji wa kampeni za urais nchini Marekani walikuta jina la Don Black. Alikuwa ametoa dola 500 kwa Ron Paul, daktari wa uzazi na mbunge wa Texas aliyekuwa akiwania tiketi ya chama cha Republican. Black hakuwa mchangiaji wa kawaida. Aliwahi kuwa kiongozi katika Ku Klux Klan (Klan), kundi la wabaguzi weupe, alifungwa kwa kushiriki njama ya mwaka 1981 ya kuipindua serikali ya kisiwa cha Dominica, na mwaka 1995 alianzisha Stormfront, tovuti iliyokuja kuwa kijiwe kikubwa cha wanaoamini kwamba watu weupe ni bora kuliko wengine.

Kampeni iliulizwa kama itazirudisha pesa hizo. Ikakataa. Msemaji wake alieleza kwamba mwenye fikra finyu akitoa pesa kwa kudhani atamgeuza Paul, basi amezitupa. Paul mwenyewe alisema kwenye televisheni kwamba kumrudishia Black pesa ni kumpa tena uwezo wa kuzifanyia ubaya.

Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali, na hadi leo husimuliwa vibaya, kwa sababu maswali ambayo yangepaswa kujibiwa kila moja mahali pake yalitiwa kwenye chungu kimoja. Serikali inaruhusiwa kumfuatilia mtu kwa mawazo yake? Hilo ni la mahakama. Mgombea anawajibikaje kwa mtu anayemuunga mkono? Hilo ni la mgombea na wapiga kura wake. Kutokana na wafuasi wachache, waweza kuhitimisha nini juu ya maelfu waliobaki? Hilo ni la hesabu na busara. Wakosoaji wa Paul walichukua jibu la swali la pili wakalitumia kwenye la kwanza. Watetezi wake walifanya kinyume chake: kwa kuwa Black ana haki ya kusema, wakadhani hakuna la kuuliza kuhusu pesa zake.

Pesa zenyewe

Tuanze na pesa, maana hapo sheria iko wazi. Katika uchaguzi ule mtu mmoja aliruhusiwa kumpa mgombea hadi dola 2,300 kwa kura za mchujo, na kiasi kama hicho kwa uchaguzi mkuu. Jumla ya michango ya mtu ikishapita dola 200, mhazini wa kampeni lazima aandike jina lake, anwani, kazi na mwajiri wake, kisha apeleke taarifa kwa Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi, FEC, ambayo huiweka hadharani. Ndivyo dola 500 zilivyoonekana. Kama Black angetoa 150 tu, umma usingejua kitu.

Zipo sababu zinazomlazimu mhazini kurudisha pesa: zimetoka kwa mgeni asiye na ukazi wa kudumu, kwa kampuni, kwa mwenye mkataba na serikali kuu, kwa mtu anayetoa kwa jina la mwenzake, au zimezidi kiwango. Mchango wenye walakini wa kisheria hupewa siku 10: urudishwe, au uwekwe benki wakati uhalali wake unachunguzwa. Zikipita siku 30 bila kuthibitika, unarudishwa. Uliozidi kiwango una siku 60 za kurekebishwa. Katika orodha yote hiyo itikadi ya mtoaji haimo. Mbele ya FEC, dola za Black zilikuwa halali sawa na za muuguzi wa Iowa.

Kisha kuna ukubwa wa mambo. Katika robo ya mwisho ya 2007 kampeni hiyo ilikusanya karibu dola milioni 20, kuliko mgombea mwingine yeyote wa Republican. Sehemu kubwa iliingia kwa siku mbili: zaidi ya milioni 4 tarehe 5 Novemba, na karibu milioni 6 tarehe 16 Desemba, siku ya kukumbuka chai iliyomwagwa baharini Boston mwaka 1773 kupinga kodi ya Waingereza. Ukiziweka dola 500 kando ya milioni 20, unapata senti moja katika kila dola 400. Kampeni isingeihisi senti hiyo ikitoka, na kwa sababu hiyohiyo uamuzi wa kubaki nayo ulisomwa kama ujumbe.

Jambo moja lilipita bila kuangaliwa sana. Zile siku mbili za mamilioni hazikuandaliwa na ofisi ya kampeni. Wafuasi wenyewe walipanga tarehe, wakatengeneza tovuti, wakaitana. Kampeni ya mgombea wa pembeni huendeshwa hivyo kwa sababu haina magavana wa kuiunga mkono wala ofisi katika kila kaunti. Nguvu yake ni kutokuwa na lango, na pasipo lango hakuna wa kukagua anayeingia. Mwanafunzi anayepinga vita vya Iraki alipita, na aliyetoka Stormfront akapita papo hapo nyuma yake.

Uhuru wa raia na haki za kiraia

Kwa nini walikutana kwa mtu huyohuyo? Hapa Kiswahili chetu hutuponza kidogo, kwa kuwa vitu viwili tofauti huitwa “haki za kiraia” bila kutenganishwa. Kimoja ni uhuru wa raia: mipaka ambayo serikali haivuki inapomshughulikia mtu, kama kutompekua bila hati, kutomfunga bila kesi, kutomziba mdomo. Kingine ni haki za kiraia kwa maana ya harakati za akina Martin Luther King: usawa ambao serikali inausimamia, hata dhidi ya mwenye hoteli anayemkataa mteja kwa rangi yake. Cha kwanza kinaiambia serikali ikae mbali. Cha pili kinaitaka iingilie kati.

Kwenye hicho cha kwanza, rekodi ya Paul ni ngumu kuibeza. Sheria ya PATRIOT, iliyowaongezea maofisa nguvu za upelelezi dhidi ya ugaidi, ilipitishwa na Baraza la Wawakilishi tarehe 24 Oktoba 2001 kwa kura 357 dhidi ya 66, wiki sita tu baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Warepublican waliopinga walikuwa watatu, naye ni mmojawapo. Katika Seneti alipinga mtu mmoja, Russ Feingold wa Wisconsin, ambaye ni Mdemokrati. Rais alitia saini tarehe 26.

Inafaa kuona sheria hiyo ilifanya nini hasa, maana “ilipunguza uhuru” ni maneno mapana mno. Kifungu cha 213 kiliruhusu maofisa kuingia nyumbani kwa hati ya upekuzi na kuchelewesha kumwarifu mwenye nyumba. Kifungu cha 215 kiliwaruhusu kudai “kitu chochote kinachoshikika”, zikiwemo kumbukumbu za maktaba, kwa amri ya mahakama inayokaa kwa siri. Na kuna barua za usalama wa taifa, ambazo FBI huziandika bila kupitia kwa hakimu. Benki au kampuni ya simu hupokea barua, hutoa kumbukumbu za mteja, na kwa kawaida hukatazwa kusema kwamba imewahi kuipokea. Machi 2007, wakati kampeni inaanza, mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria alitoa hesabu: maombi ya namna hiyo yalikuwa kama 8,500 mwaka 2000, yakafika 39,000 mwaka 2003 na 56,000 mwaka 2004. Alikuta pia matumizi yaliyokiuka sheria yenyewe. Mtu aliyekuwa amepiga kura ya hapana miaka sita nyuma hakuhitaji hotuba ndefu.

Kwenye hicho cha pili, hadithi hugeuka. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura kuadhimisha miaka 40 ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Matokeo yalikuwa 414 kwa 1, na huyo mmoja alikuwa Paul. Hoja yake ilikuwa ya mali: mwenye duka ndiye mwenye duka, na serikali haina haki ya kumchagulia wateja. Mtu anaweza kuishika hoja hiyo bila chembe ya chuki. Lakini inampa mbaguzi kile hasa anachokitaka, bila kumlazimisha aseme anakitaka kwa nini. Black hakuvutwa na kifungu cha 215 peke yake.

Vijarida

Kama mambo yangeishia hapo, tungeweza kusema ni bahati mbaya ya mtu mwenye msimamo wa kanuni. Hayakuishia hapo. Tarehe 8 Januari 2008, siku ya kura za mchujo za New Hampshire, gazeti la The New Republic lilichapisha yaliyomo katika vijarida vilivyotolewa kwa jina la Paul kati ya mwisho wa miaka ya 1980 na miaka ya 1990, vyenye majina kama Ron Paul Political Report na Ron Paul Survival Report. Toleo lililohusu ghasia za Los Angeles za 1992 lilidai kuwa utulivu ulirudi pale watu weusi walipokwenda kuchukua hundi zao za msaada wa serikali. Kulikuwa na mengine ya aina hiyo kuhusu mashoga na kuhusu Martin Luther King.

Paul alisema hakuyaandika, hakubaliani nayo, na anabeba lawama ya kimaadili kwa kutofuatilia kilichochapishwa kwa jina lake. Utetezi huo una tundu moja kubwa. Maneno hayohayo yalikuwa yameibuliwa na mpinzani wake mwaka 1996 huko Texas, na wakati ule jibu lilikuwa kwamba yamenukuliwa nje ya muktadha. Kwamba yaliandikwa na mwingine alikuja kulisema baadaye, mwaka 2001. Huwezi kutetea muktadha wa maneno ambayo kumbe hukuyajua.

Vijarida havikuzuka hewani pia. Mwaka 1992 Murray Rothbard, mwanauchumi aliyekuwa karibu na mduara huo, aliandika waziwazi juu ya mkakati wa kuwavuta wapiga kura weupe wenye hasira, na mfano aliouanza nao ni kampeni ya David Duke, kiongozi wa zamani wa Klan, ya ugavana wa Louisiana mwaka 1991. Kwa hiyo hoja ya wakosoaji kwamba ndege wa rangi moja huruka pamoja haikutosha, ila kwa sababu tofauti na waliyoitoa watetezi. Ndege hawa walikuwa wametupiwa mtama. Huo ndio uzito wa vijarida ukilinganisha na dola 500: mchango ni kitendo cha aliyetoa, kijarida ni kitendo cha aliyeweka jina lake juu ya jalada. Ukitaka kumpima mgombea, anza na vitendo vyake mwenyewe.

Upande wa serikali

Sasa geuza meza. Wakati magazeti yanabishana kuhusu wafuasi wa Paul, vyombo vya dola navyo vilikuwa vinajiuliza wamtambueje mtu wa siasa kali. Hofu yao haikuwa ya kubuni. Tarehe 19 Aprili 1995 lori lililojazwa vilipuzi liliua watu 168 mjini Oklahoma City, na aliyelilipua alitoka katika mazingira ya wanamgambo waliokasirishwa na matukio ya Ruby Ridge, 1992, na Waco, 1993, ambako maofisa wa serikali kuu walikabiliana na raia wenye silaha na watu wakafa. Swali ni jinsi walivyojaribu kutambua.

Tarehe 23 Oktoba 2007 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kuzuia itikadi kali zenye vurugu na ugaidi wa ndani, H.R. 1955, kwa kura 404 dhidi ya 6. Ulitaka kuundwa tume ya watu 10 ya kuchunguza jinsi watu wanavyogeuka. Tatizo lilikuwa katika fasili. Mswada ulieleza “kugeuka” kuwa ni kushika au kueneza mfumo wa imani wa msimamo mkali kwa lengo la kurahisisha vurugu za kiitikadi. Vurugu hizo nazo zilielezwa kuwa ni kutumia, kupanga kutumia au kutishia kutumia “nguvu au vurugu”. Soma tena polepole. Imani ya msimamo mkali ni ipi? Mswada haukusema. Na kwa nini “nguvu” iwe peke yake, imetengwa na “vurugu” kwa neno “au”? Wanaoketi mlangoni mwa ofisi wakagoma kuondoka wanatumia nguvu ya aina fulani. Miongoni mwa wale sita waliopinga alikuwamo Dennis Kucinich, naye pia mgombea urais, wa upande wa Democratic. Paul hakupiga kura siku hiyo, ila Desemba alisimama bungeni kuupinga. Seneti haikuupitisha, ukafa.

Kilichofuata kilitokea bila mswada wowote. Tarehe 20 Februari 2009, kituo cha upelelezi cha jimbo la Missouri kiitwacho MIAC kilitoa waraka kwa polisi kuhusu harakati za wanamgambo. Ulisema wanamgambo mara nyingi hujihusisha na vyama vidogo vya siasa, na kwamba kwa kawaida huwa wafuasi wa waliokuwa wagombea urais Ron Paul, Chuck Baldwin na Bob Barr. Ulitaja alama za kuangaliwa, zikiwemo bendera na stika za magari. Waraka ulivuja mwezi Machi. Kabla mwezi haujaisha, polisi wa barabara kuu wa Missouri walikuwa wamesimamisha usambazaji wake, na mkurugenzi wa usalama wa umma wa jimbo akawaandikia wagombea hao watatu kuwaomba radhi.

Kosa lake linaonekana vizuri ukilifanyia hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, nchi nzima ina wanamgambo 1,000 walio tayari kutumia silaha, na 900 kati yao wanampenda Paul. Polisi akiambiwa “asilimia 90 ya hawa ni wafuasi wa Paul”, itamwingia akilini. Lakini polisi barabarani hakutani na mwanamgambo kisha akaulizwa anampenda nani. Anakutana na stika kisha aamue kama mwenye gari ni mwanamgambo. Zaidi ya watu milioni moja walimpigia Paul kura katika mchujo wa 2008. Kwa namba zetu za mfano, hata mmoja katika kila elfu hafiki. Stika imemwambia polisi karibu sifuri, huku yeye akidhani imemwambia asilimia 90, na mkono umeshakaribia bastola. Kwa dereva asiye na kosa, hapo ndipo uhuru wa raia unapoacha kuwa nadharia.

Lakini je, hakukuwa na kanuni ya kuzuia hili? Ilikuwapo. Kanuni za serikali kuu, sehemu ya 23 ya fungu la 28, zinasema mfumo wa kumbukumbu za upelelezi wa jinai unaogharamiwa na fedha za shirikisho hauwezi kuweka taarifa za mtu pasipo shaka ya msingi kwamba anahusika na uhalifu, wala kukusanya maoni yake ya kisiasa au ya dini isipokuwa yanahusiana moja kwa moja na uhalifu huo. Taarifa hupitiwa upya ndani ya miaka 5 na zisizo na kazi hufutwa. Kanuni nzuri, ila inalinda mafaili ya watu. Waraka wa MIAC haukuwa na faili la mtu. Ulikuwa somo: unamfundisha polisi atazame nini. Somo halitaji mshukiwa, hivyo linapita pembeni ya uzio, kisha linazalisha washukiwa barabarani.

Siku chache baadaye, tarehe 29 Machi 2009, katika jimbo hilohilo, mkurugenzi wa maendeleo wa Campaign for Liberty, shirika lililozaliwa na kampeni ya Paul, alisimamishwa kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege wa St. Louis akiwa na kisanduku chenye kama dola 4,700 taslimu, mapato ya mkutano. Walimpeleka chumbani wakamuuliza pesa ni za nini. Yeye akawauliza swali moja mara nyingi: sheria inanilazimu kujibu? Simu yake ilikuwa inarekodi. ACLU, shirika la kutetea uhuru wa raia ambalo wafuasi wengi wa mrengo wa kulia hawalipendi, lilimfungulia kesi mwezi Juni. Kabla mwaka haujaisha mamlaka ya usalama wa usafiri ilitoa maelekezo mapya: ukaguzi ni wa kutafuta hatari kwa ndege, na kubeba pesa nyingi si kosa. Kesi ikaondolewa.

Isidhaniwe kwamba kila onyo la serikali lilikuwa upuuzi. Aprili mwaka huohuo Wizara ya Usalama wa Ndani ilitoa tathmini yake kuhusu siasa kali za mrengo wa kulia, ikashambuliwa hasa kwa kuwagusa wanajeshi wastaafu, na waziri akaomba radhi. Tarehe 10 Juni, mbaguzi mwenye umri wa miaka 88 aliingia Makumbusho ya Mauaji ya Wayahudi mjini Washington akamuua mlinzi. Hatari ilikuwapo. Lakini vituo kama MIAC havikuwa dawa yake: Oktoba 2012 kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti ilieleza kuwa taarifa zao nyingi hazikuwa na thamani, na kwamba wizara haikuweza hata kusema imevitumia kiasi gani. Makadirio yake yalianzia dola milioni 289 hadi bilioni 1.4.

Mstari wa mahakama

Mahakama ya Juu ilishauchora mpaka miaka 40 kabla, na iliuchora kwa ajili ya mtu wa Klan. Clarence Brandenburg alipigwa picha za televisheni katika mkutano huko Ohio, watu wamevaa majoho, msalaba unaungua, akizungumzia kulipiza kisasi. Alihukumiwa kifungo cha mwaka 1 hadi 10. Mwaka 1969 mahakama iliitengua hukumu hiyo: maneno huadhibiwa pale tu yanapokusudia kuchochea uvunjaji wa sheria wa papo hapo, na yana uwezekano wa kuuleta kweli. Kabla ya hapo kipimo kilikuwa kilegevu mno. Eugene Debs, kiongozi wa wasoshalisti, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa hotuba ya kupinga vita aliyoitoa Canton, Ohio, tarehe 16 Juni 1918, na mahakama hiyohiyo ikaibariki hukumu bila jaji hata mmoja kupinga. Aligombea urais mwaka 1920 akiwa mfungwa namba 9653 mjini Atlanta, akapata zaidi ya kura 900,000. Uhuru aliokosa Debs ulikuja kupatikana kupitia Brandenburg. Wengi hawalipendi jambo hilo, ila ndivyo lilivyo.

Historia ya FBI inaeleza kwa nini haiwezekani kutengeneza kifaa cha kuwabana wabaguzi peke yao. Mpango wake wa siri wa kupeleleza na kuvuruga vikundi vya siasa, COINTELPRO, ulianza 1956 kwa wakomunisti. Mwaka 1964 uliongezewa Klan, na mbinu zilezile zilitumika kumwandama King. Chama kidogo cha Socialist Workers kiliibiwa nyaraka na majasusi kwa miaka, na mwaka 1986 jaji aliamuru kilipwe dola 264,000. Kwa sababu ya usumbufu huo huo, mwaka 1982 Mahakama ya Juu iliamua chama hicho kisilazimishwe kutaja wachangiaji wake. Kwa hiyo hata orodha iliyomfichua Black ina upande wa pili: chama kikionyesha uwezekano wa kweli kwamba watu wake watatishwa au kufukuzwa kazi, majina hufichwa.

Haki ya kusema, hata hivyo, haimfungulii mtu mlango wa nyumba ya wengine. Mwaka 1992 chama cha Republican cha Georgia kilikataa jina la David Duke lisiwe kwenye karatasi zake za mchujo wa urais. Duke alikwenda mahakamani akashindwa: chama ni muungano wa watu, nacho kina uhuru wake wa kuchagua wa kuambatana naye. (Uhuru huo una ukomo. Tangu 1944 chama hakiwezi kuwazuia wapiga kura wa mchujo kwa rangi yao.) Paul mwenyewe aliuonja upande huo mchungu Januari 2008, kituo cha Fox kilipomwacha nje ya mjadala wake New Hampshire, na chama cha jimbo kikajitoa kuudhamini. Kituo cha binafsi hakikuvunja Katiba kwa kufanya hivyo.

Kwa hiyo aliyeketi kwenye meza ya mhazini mwishoni mwa 2007 alikuwa na njia tatu, zote halali. Angeweza kumwandikia Black hundi ya dola 500, akaiorodhesha kama marejesho katika taarifa inayofuata, na habari ingekufa ndani ya wiki. Hasara yake: kesho wangeletewa jina lingine, kwani orodha ni ndefu na wapekuzi hawachoki. Angeweza kuzipeleka dola hizo kwa shirika la hisani, tuseme la kutetea wale anaowachukia Black, na hoja ya Paul kwamba pesa zisirudi mikononi mwa mbaya ingetimia kikamilifu. Au angeweza kubaki nazo na kueleza kanuni. Kampeni ilichagua hili la tatu. Januari vijarida vikatokea, na maelezo ya kanuni yakawa yanasomwa pamoja na toleo la 1992.